Samaki wa Kufugwa Nyumbani: Tuwachague Vipi?

Wazee wa wanafunzi wetu hutuuliza mambo mengi ambayo hayamo katika vitabu tunavyosomesha, na mojawapo lililorudi zaidi ya mara moja ni hili la samaki wa mapambo. Mtoto ameona kwa jirani hodhi la kioo lenye maji safi na taa, ndani yake samaki wekundu na wa buluu wakipita baina ya majani, naye tangu siku hiyo hana neno jingine nyumbani isipokuwa hilo. Baba huja kwetu na maswali mawili. La kwanza, je, yafaa kumfungia kiumbe ndani ya kioo kwa ajili ya kumtazama tu? La pili, ikiwa yafaa, anunue samaki gani?

Swali la kwanza hatutalirefusha. Imethibiti katika Hadithi sahihi kwamba Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, alikuwa na kijidege chake cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania mtoto huyo kwa upole juu ya kijidege hicho wala hakumkataza, na wanavyuoni wengi wametoa humo ruhusa ya kufuga. Lakini imethibiti vilevile habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutia mwenyewe. Baina ya Hadithi mbili hizi ndipo asimamapo mwenye kufuga samaki. Samaki wa mtoni, maji yakimchafukia, huondoka akaenda kwingine. Wa ndani ya kioo hana pa kwenda, na kila alicho nacho, hata pumzi yake, kimo mikononi mwa mwenye nyumba. Kwa hiyo swali la pili, ambalo watu hulidhania kuwa ni la rangi na bei, ndilo zito zaidi. Samaki wengi wa majumbani hawafi kwa ukatili wa mtu. Hufa kwa sababu walichaguliwa wasiofaa, wakatiwa mahali pasipowafaa, na watu wasiojua.

Baba mmoja tunayemjua alinunua samaki wa dhahabu sita pamoja na bakuli la kioo la mviringo, mkesha wa Idi, naye muuzaji akamhakikishia kwamba hawahitaji kitu zaidi ya kubadilishiwa maji. Hata kufika siku ya nne amebaki mmoja. Binti yake wa miaka saba akamwuliza kama wenzake walikufa kwa njaa, na baba hakuwa na jibu. Jibu lilikuwepo, nalo si njaa. Walikufa kwa uchafu wa miili yao wenyewe, na jambo hili ndilo msingi wa yote tutakayoyasema, basi na tulieleze.

Samaki hutoa ndani ya maji kitu kiitwacho amonia, kwa kupitia mashavu yake hasa, na chakula kilichobaki kikioza hutoa hiyohiyo. Amonia ni sumu, hata ikiwa kidogo tu. Mwenyezi Mungu amejaalia vijidudu visivyoonekana kwa macho, bakteria, ambavyo chakula chao ni amonia hiyo. Vikisha kuila huibadilisha kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huibadilisha naitriti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa mpaka izidi sana. Naitreti ndiyo tunayoiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila juma, nayo mimea ya majini pia huila. Bakteria hao hukaa juu ya kokoto na ndani ya sifongo ya chujio. Lakini hodhi jipya halina bakteria wa kutosha! Huchukua majuma manne hadi sita kuzaliana. Mtu akinunua hodhi asubuhi akatia samaki sita jioni, amewatia katika nyumba isiyo na choo.

Basi hodhi litayarishwe mapema, likae na maji, chujio likifanya kazi, na kila siku kitiwe chakula kidogo sana cha samaki kioze humo ili bakteria wapate riziki yao, mpaka zitimie hizo juma nne hadi sita. Twajua kuwa mtoto hatasubiri kwa furaha. Lakini hapa ndipo ule msemo wetu kwamba haraka haraka haina baraka unapokuwa elimu kamili ya maji, na mtoto anayeelezwa sababu husubiri vizuri kuliko wazee wake. Madukani huuzwa vipimo vidogo vya kupimia amonia na naitriti. Mwenye uwezo anunue, na asitie samaki mpaka vyote viwili visomeke sufuri.

Sasa tuutazame ukubwa. Tuchukue hodhi lililo la kawaida katika nyumba ndogo, urefu wake sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Mwanafunzi yeyote atapiga hesabu aone ni lita 54; ukitoa kokoto za chini na nafasi ya juu, maji yenyewe yatakuwa lita 45 hivi. Kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, pamoja na kioo na kokoto mzigo huo wapita kilo 60, wala si wa kuwekwa juu ya kimeza cha miguu membamba. Usiwekwe pia penye jua la dirishani, kwani maji yatapata joto kupita kiasi na kugeuka kijani kwa ukungu wa majini. Tena maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi, na samaki ndipo wanapoonekana wote wamepanda juu wakihema.

Wako wanaosema: pima samaki kwa urefu, kila lita mbili mpe sentimita moja. Kanuni hii yafaa kwa visamaki vyembamba tu. Samaki aliye mara mbili ya mwenziwe kwa urefu si mara mbili kwa mwili. Urefu umeongezeka, na upana, na unene, basi ni mbili mara mbili mara mbili, yaani mara nane, na uchafu wake waelekea hukohuko. Samaki mmoja wa sentimita 20 hawezi kukaa pale walipokaa kumi wa sentimita mbili. Ndiyo maana twasema, kabla ya kuuliza rangi ya samaki, muulize muuzaji: huyu akikua huwa wa kadiri gani?

Swali hilo moja huondoa karibu nusu ya samaki wa dukani. Samaki wa dhahabu, ambaye Wachina walianza kumfuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, amekuwa mashuhuri kwa bakuli, na bakuli ndilo kaburi lake. Akitunzwa vizuri hufika sentimita 20 na zaidi, huishi miaka 10 hadi 20, naye hula sana na kuchafua sana. Wachina wenyewe waliwafuga katika mabwawa ya bustani na mitungi mikubwa. Mwenye kisima cha uani au birika pana la saruji lenye kivuli, huyu ndiye samaki wake. Mwenye hodhi la lita 54 amwache. Hali kadhalika yule kambare wa Amerika ya Kusini anayejibandika kiooni kwa mdomo, auzwaye kwa sifa ya kulamba uchafu: dukani ni kidole, lakini akikua hupita sentimita 30. Na wale samaki wa Ziwa Nyasa waitwao mbuna, manjano na buluu kama vitambaa vya harusi, ni wazuri mno kwa macho ila ni wagomvi. Kila dume hutaka mwamba wake na kumfukuza mwenziwe, nao wahitaji hodhi kubwa mara nne au tano ya hili letu.

Vijana wetu wa pwani watauliza, mbona tusiende mwambani maji yakipwa tukachukua vile visamaki vya rangi bila ya kulipa? Jibu letu ni kwamba maji ya bahari ndani ya hodhi dogo ni kazi ngumu kwa aliye mzoefu, sembuse anayeanza: maji yakipungua kwa jua chumvi huzidi, na samaki wa matumbawe hawavumilii mabadiliko hayo. Waacheni mwambani. Na perege au kambare aliyevuliwa mtoni akiwa mchanga, huyo ni wa bwawa na hatimaye wa sufuria.

Lakini kabla ya kumchagua samaki, mtu ayajue maji yake, kwani ni rahisi zaidi kupata samaki wa kufaa maji kuliko kuyageuza maji yamfae samaki. Maji ya visima vya pwani, yatokayo katika ardhi ya mawe ya matumbawe, huwa mazito kwa chokaa. Tazameni tu ule ugaga mweupe ndani ya birika la chai. Maji ya mvua ni mepesi. Maji ya bomba hutiwa dawa ya klorini inayowaua samaki na bakteria wao pamoja. Yakikaa ndoo wazi siku nzima klorini hutoka, ila pahali pengine hutiwa dawa nyingine ya jamii hiyo isiyotoka kwa kukaa, na hapo lazima kununua dawa ya kuyatengeneza. Mwenye shaka na atumie dawa hiyo, bei yake si kubwa.

Kwa nyumba ya pwani, penye maji ya chokaa na joto la nyuzi 25 hadi 28 bila ya kipasha moto, samaki wa kwanza kumtaja ni gapi. Asili yake ni Trinidad, Venezuela na nchi za jirani, na jina lake limetokana na Bwana Robert John Lechmere Guppy wa Trinidad, aliyewapeleka jumba la makumbusho la London mwaka 1866. Dume ni sentimita tatu, mkia wake kama kanga mpya. Jike ni mkubwa kidogo na hana rangi nyingi. Hapendi maji mepesi sana, bali haya mazito ya kwetu humridhisha, na hata yakiwa na chumvi kidogo huvumilia. Hula viluwiluwi vya mbu kwa uroho, na kwa sababu hiyo alipelekwa nchi nyingi za joto ili kupunguza malaria.

Hata hivyo gapi ana jambo moja ambalo wauzaji hulisema kama sifa nasi twalisema kama onyo. Hatagi mayai, huzaa wazima, na jike huzaa kila baada ya juma nne hivi, pengine 20, pengine 50. Tena akisha kupandwa mara moja huweza kuhifadhi mbegu ya dume miezi kadhaa akaendelea kuzaa bila ya dume kuwepo. Ukianza na majike watatu, fanya hesabu mwenyewe ya miezi sita! Ni kweli wazazi huwala baadhi ya watoto wao, lakini watakaosalia watalijaza hodhi. Kwa hiyo anayeanza achukue madume peke yao, wanane au kumi. Kuwatambua si vigumu: dume, pezi lake la chini ya tumbo limechongoka kama kijiti, na la jike limetanuka kama upepeo.

Wapo wanaopendezwa na beta wa nchi ya Thailand, mwenye mapezi marefu kama joho. Huyu Mwenyezi Mungu amempa kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji, ndiyo maana huweza kuishi katika maji yasiyo na hewa nyingi. Na watu wakaichukua rehema hiyo wakaifanya sababu ya kumtia katika gilasi. Kuvumilia si kustarehe. Mpeni lita 20 na zaidi, na majani ya kupumzikia. Madume wawili wasiwekwe pamoja kamwe, kwani watapigana mpaka mmoja afe. Huko kwao waliwalea kwa vizazi vingi kwa kusudi hilohilo la kupiganisha na kuwekeana dau, na sisi hatuna haja ya kuwakumbusha wasomaji wetu kwamba kuwachochea wanyama kupigana kumekatazwa, na kamari pia. Tumewaona vijana wakiweka kioo cha kujitazamia mbele ya beta ili avimbishe mashavu; hilo nalo ni kumtesa, maana kila siku anapigana na adui asiyeondoka. Katika hodhi letu la lita 54 dume mmoja wa beta aweza kukaa na kikundi cha kambare wadogo wa Amerika ya Kusini waitwao koridora, sita hivi, wanaochakura mchanga wa chini. Mchanga wao uwe laini, wasikatike ndevu. Asiwekwe pamoja na gapi. Mikia ile yenye rangi humghadhibisha.

Neoni tetra, yule mwenye mstari wa buluu unaowaka kama taa, ni wa mito ya Amazoni, penye maji mepesi. Hukaa kwa makundi, na wakiwa chini ya sita huingiwa na hofu na rangi hufifia. Wenye maji mepesi wamchague. Wa pwani wenye visima vya chokaa wasubiri mpaka wawe na uzoefu.

Wa Nairobi, Arusha au Lushoto wana shida nyingine. Miezi ya baridi maji ya ndani ya nyumba huteremka, na gapi na beta hunyong'onyea. Hao ama wanunue kipasha moto chenye kujizima chenyewe, ama, na sisi twaona hili ni bora, wachague samaki wa baridi. Yuko mmoja mdogo wa Uchina, wa mlima uitwao Wingu Jeupe karibu na Guangzhou, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1932 na kuitwa Tanichthys kwa heshima ya kiongozi wa maskauti, Tan, aliyemwona. Hana hata sentimita tano, mapezi yake mekundu, na hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 22. Wanane wa namna hii watastarehe katika hodhi letu bila ya kifaa cha moto, na umeme ukikatika hawatajua.

Sasa twaja kwa wale ambao sisi twawapenda zaidi, nao ni wa kwetu. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, lina samaki wadogo ajabu wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Mmoja wao, Neolamprologus multifasciatus, ni mwenye mistari kama pundamilia mdogo, jike sentimita tatu tu na dume hafiki tano. Kila mmoja ana kombe lake. Huchimba mchanga kwa mdomo akalizika mpaka ubaki mlango, na ukisogea kioo wote hutoweka kwa mara moja. Watoto wakizaliwa hukaa mlangoni kwa mama yao, na ukoo mzima hukaa mtaa mmoja kama watu. Wapewe mchanga laini wa sentimita tano, na makombe mengi kuliko idadi yao, makubwa ya kuwatosha kuingia, yaliyochemshwa na kuoshwa. Wasichanganywe na samaki wengine katika hodhi dogo. Maji ya Tanganyika ni mazito, kwa hiyo haya ya visima vyetu vya pwani, yasipokuwa na chumvi, hayawachukizi. Watano au sita wanatosha kuanzia, na mtoto atakayewatazama mwezi mmoja atajua habari zao kuliko sisi.

Na yuko wa Unguja asiyepatikana kwa asili pahali pengine duniani, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa na wataalamu tangu mwaka 1893. Huyu huishi katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, na mayai yao hubaki ndani ya tope miezi ya kiangazi, yakiwa hai. Mvua zikinyesha yakaanguliwa, na watoto hukua mbio ili watage kabla ya jua kurudi. Ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, mwaka 2018 ilitangazwa kwamba huko porini hupevuka kwa siku 14 au 15 tu tangu kuanguliwa. Wafugaji wa Ulaya huyahifadhi mayai ya huyu wa Unguja ndani ya mboji yenye unyevu, miezi mitatu hivi au zaidi, na hutumiana kwa posta kama barua. Mwenye kumtaka ampate kwa waliomzalisha. Madimbwi yenyewe yanafukiwa kwa nyumba na barabara, wala hayahitaji tena kuchotwa na ndoo zetu. Ajue pia kwamba umri wake ni mfupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo, na mtoto aambiwe hivyo tangu mwanzo, si siku ya msiba.

Akisha kuamua aina, mnunuzi asimame dukani atazame kwa makini. Samaki mzima hufungua mapezi. Aliyeyakunja ni mgonjwa. Asiwe na madoa meupe kama chembe za chumvi, wala tumbo lililobonyea, wala asiwe akihema haraka juu ya maji. Ikiwa hodhi la dukani lina maiti, usichukue hata aliye mzuri humo. Mwombe muuzaji awape chakula mbele yako, na asiyekula mwache. Ukifika nyumbani mfuko uelee juu ya maji robo saa, kisha uchanganye maji kidogo kidogo kabla ya kumtoa samaki kwa kijavu. Maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie hodhini. Wala wasitiwe wote siku moja: wanne kwanza, na wengine baada ya juma mbili. Tena hodhi lenye samaki wachache lina faida ambayo kila mwenye nyumba wa Afrika Mashariki ataifahamu, kwamba umeme ukikatika usiku kucha, na chujio limesimama, hewa iliyomo huwatosha mpaka asubuhi.

Na waliokuchosha, au waliozidi, usiwamwage mtoni wala mferejini kwa kudhani umewahurumia. Miaka ya 1950 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria ambako hakuwepo. Alipozidi katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu, zinazokisiwa kufika 200, zilitoweka au zikabaki chache mno. Samaki aliyezidi ampe jirani aliyejitayarisha, au amrudishe dukani.

Iliyobaki ni chakula, na hapa ndipo penye hatari kubwa kwa nyumba yenye watoto wengi, kwa kuwa kila mmoja hupita akatia chake. Achaguliwe mtoto mmoja, awe ndiye mwenye kazi hiyo, mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha kwa dakika mbili. Mkisafiri siku tatu nne, samaki waliokomaa huvumilia bila ya kula. Kama safari ni ndefu na funguo imeachwa kwa jirani, asiachiwe kopo zima, maana huruma isiyo na kipimo huchafua maji upesi kuliko kitu chochote. Bali chakula kigawanywe kabisa katika vikaratasi, kila siku na chake, na kopo lifichwe.